Mgeni wa Ziwa Hana Mwenyeji: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Maziwa na Mabwawa ya Nyanda za Juu Kusini

Kwa waheshimiwa na ndugu wote wenye dhamana ya misitu, maji, utalii, uokoaji na serikali za mitaa katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini,

YAH: USALAMA NA UTARATIBU WA WAGENI WANAOKWENDA KATIKA MAZIWA YA MILIMANI NA MABWAWA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Mbeya. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikizitumia Jumamosi za kiangazi, pamoja na walimu wenzangu, wazazi wachache na wanafunzi walioruhusiwa kwao, kupanda milima inayotuzunguka na kwenda kuyatazama maziwa ambayo darasani tunayachora ubaoni na kuyaita maziwa ya kasoko, yaani maziwa yaliyojaa katika mashimo ya volkano. Tumepanda Loleza hadi tukaizoea, tumelala Tukuyu ili tuamkie Ziwa Masoko, tumekwea kwenda Kitulo kwa barabara ile ya Hamsini na Saba ambayo abiria huzihesabu kona zake kwa sauti, na mara nyingi zaidi tumekwenda Ziwa Ngosi, lililo juu katika milima ya Uporoto. Mengi ninayoyaandika hapa nimeyaona kwa macho katika safari hizo, na machache yametoka vitabuni, kwa kuwa kuvisoma ndiyo kazi yangu.

Jambo lenyewe ni moja. Watu wanaokwenda kutembea katika maziwa na mabwawa yetu ni wengi kuliko ilivyokuwa nilipoanza kazi, na wengi wao si Wazungu wenye mabegi makubwa kama tulivyozoea kudhani, ni vijana wetu wa Mbeya, Makambako na Iringa, vikundi vya kwaya, wanachuo, na maharusi wanaotafuta picha. Lakini mgeni huyo akishaiacha barabara na kuingia njia ya miguu, hana mwenyeji. Msitu una mlinzi wake, maji yana bodi ya bonde, barabara ina wakala wake, utalii una wizara, kijiji kina serikali yake na wilaya ina halmashauri. Katika milima ya Uporoto peke yake yanakutana mabonde matatu kati ya tisa ya nchi hii, yaani la Rufiji, la Ziwa Rukwa na la Ziwa Nyasa, na kila moja lina bodi yake. Wote hao wapo, na kila mmoja ana sheria inayompa kazi. Ninachokikosa mimi ni jina la mmoja tu ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba mtu aliyeteremka hadi kwenye maji saa nne asubuhi amekwisha kupanda na kurudi jioni.

Naomba niwaeleze habari ya siku moja. Ilikuwa Agosti, wakati ambao hata Uporoto hukauka kidogo. Tulikuwa watu kumi na wanne. Tulishuka Isongole, kwenye barabara kuu ya kwenda Tukuyu, umbali usiofika kilomita 40 kutoka mjini Mbeya, baadhi yetu wakapanda bodaboda hadi mwisho wa mashamba na wengine tukatembea. Tulipita viazi, tukaingia msituni, tukaifikia mianzi, mbega wakatulia juu ya miti wakitutazama kama wakaguzi wa shule. Ukungu ulipofunguka tukiwa juu ya ukingo, ziwa lilikuwa chini yetu, la kijani, lenye umbo ambalo kila anayefika pale huambiwa kwamba ni la ramani ya Afrika, na wanafunzi waliosafiri wakinung'unika tangu asubuhi walinyamaza wote kwa pamoja. Kisha wakataka kushuka.

Kuta za Ngosi zinainuka zaidi ya mita 200 juu ya maji. Tuliyoishukia ilikuwa njia moja tu, mtu mmoja nyuma ya mwingine, mikono ikishika mizizi. Tulipokaribia chini mwalimu mwenzangu, mama wa miaka hamsini na ushei, aliteleza mahali ambapo vumbi kavu lilikuwa limefunika udongo wenye unyevu, na kifundo cha mguu kikavunjika. Simu zetu hazikuwa na mtandao kule shimoni. Kijana mmoja wa kidato cha nne alipanda mbio hadi ukingoni, akapata mtandao, akasimama pale asijue apige wapi, na mwishowe akampigia mama yake, aliyekuwa sokoni Mbeya akiuza vitunguu. Mama yule ndiye aliyempigia jirani mwenye gari. Wakati huo vijana wa kijijini waliokuwa karibu walikuja na fito mbili ndefu, wakafunga vitenge vya akina mama katikati, wakatengeneza machela, wakambeba kwa zamu juu ya ukuta ule na kuteremka upande wa pili. Tulifika barabarani giza limekwisha kuingia, karibu saa tano baada ya kuanguka kwake.

Simlaumu mtu kwa kuteleza kule. Viatu vya mwenzangu havikuwa vya mlimani, na mimi kiongozi wa safari ndiye niliyekubali tushuke. Ninachokikumbuka mpaka leo ni kwamba hapakuwa na daftari lolote lenye majina yetu. Kama sote kumi na wanne tungeshindwa kupanda siku ile, wa kwanza kuuliza angekuwa mke wangu, na angeuliza baada ya taarifa ya habari ya saa mbili.

Njia ile haikuharibiwa na mtu mmoja. Ni udongo wenyewe. Ngosi ni shimo lililobaki baada ya mlima wa volkano kulipuka na kudidimia, na wanajiolojia wanakadiria kwamba ulilipuka mara ya mwisho karibu na mwaka 1450, jana tu kwa hesabu ya miamba. Majivu na mawe mepesi yaliyorushwa katika milipuko ya namna hiyo ndiyo yaliyotandazwa juu ya kingo, na msitu ukaota juu yake. Udongo huo hunyonya maji vizuri ukiwa umefunikwa na majani na kushikwa na mizizi, lakini ukikanyagwa mahali pamoja mwaka baada ya mwaka hubomoka kama unga wa ulezi. Njia iliyochimbwa na miguu, ikinyooka moja kwa moja kufuata mteremko, hugeuka mfereji. Mvua za kwanza za Novemba au Desemba hupita humo, zinazofuata huongeza kina, na kufikia Machi wapitao wanauacha mfereji na kukanyaga pembeni, mahali ambapo mfereji wa pili utaanzia. Tusisahau kwamba tunazungumzia upande wa nchi ambao mji wake wa Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kila msimu njia inapanuka, miche inakufa, na mgeni anashuka kwa kukalia matako, kama nilivyofanya mimi mbele ya wanafunzi wangu na heshima yangu yote.

Dawa ya njia ya namna hiyo inajulikana, na haihitaji mtaalamu kutoka mbali. Njia inazungushwa kwa kona badala ya kunyooshwa. Kila baada ya hatua kadhaa yanachimbwa makinga maji ya kuyatoa maji pembeni kabla hayajapata kasi, sehemu kali zinawekewa ngazi za magogo yaliyozuiwa kwa vigingi, na pale pasipo na mti wa kushika inafungwa kamba nene. Wakulima wa Uporoto wanalima viazi kwenye miteremko ambayo mtu wa Dodoma angeiogopa hata kusimama, na wanajua maji yanapita wapi mvua ikinyesha usiku. Kule Mbinga Wamatengo wamelima ngoro kwa vizazi vingi, mashimo yale yanayoyakamata maji yasiuchukue udongo mlimani. Ujuzi wa kuyatuliza maji kwenye mteremko umo katika mikono ya watu wa huku tangu kabla ya kuwapo kwa shule yangu. Kinachokosekana ni ruhusa na mtu wa kuitisha kazi.

Waliosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, walikuwa wakizungumza na sisi. Tumekuwa wageni wa Ngosi kwa zaidi ya siku mbili, na jembe bado hatujapewa. Nawaeleza wazi kwamba kikundi chetu kiko tayari kwenda kuchimba makinga maji kwa siku ambazo tutapangiwa, chini ya usimamizi wa wataalamu wa misitu na wazee wa vijiji, na ninavifahamu vikundi vingine viwili vya mjini ambavyo vingekuja. Hatuwezi kwenda kwa hiari yetu, kwa sababu kuingia na jembe katika msitu wa hifadhi bila kibali ni kosa, na ni haki liwe kosa. Lakini Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imefungua mlango wa usimamizi wa pamoja kati ya serikali na vijiji vinavyopakana na misitu, kwa makubaliano ya maandishi yanayoeleza nani afanye nini na nani apate nini. Sioni sababu kwa nini makubaliano ya namna hiyo yasitaje njia ya wageni kwa jina, urefu wake, anayeikarabati baada ya masika, na sehemu ya kiingilio itakayobaki kijijini kwa kazi hiyo.

Hapo ndipo wanapoingia vijana wanaoongoza wageni. Neno la Kiingereza wanalojiita, guide, likitamkwa vibaya kidogo huwa "gaidi", maana nyingine kabisa ambayo polisi hawaipendi, kwa hiyo mimi nitawaita waongoza wageni. Vijana hawa wanajua mahali ambapo siafu wamehamia, wanajua ukungu utashuka saa ngapi, wanajua mti upi umeoza. Ndio waliombeba mwenzangu. Hata hivyo wengi wao hawana kitambulisho, hawakufundishwa kufunga mfupa uliovunjika, na hawana uhakika kama wanaruhusiwa kudai malipo, kwa hiyo humfuata mgeni njiani wakibembeleza, naye mgeni huwaogopa. Mafunzo ya huduma ya kwanza ya siku chache, kitambulisho cha kijiji kinachotambuliwa na hifadhi, bei iliyobandikwa ubaoni, na zamu inayojulikana vingetosha kuwageuza kuwa wenyeji rasmi. Sisemi kila mtu alazimishwe kuongozwa hadi kwenye kichuguu. Nasema kwamba anayeshuka ndani ya kasoko ashuke na mtu wa pale.

Mfano wa kufuata hauko mbali. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, inatembelewa kwa miguu. Mgeni anayekwenda kuyaona maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha takriban mita 170, huanzia mahali panapojulikana, jina lake huandikwa, huongozwa, na hurudi mahali panapojulikana. Niliwahi kwenda na wanafunzi, na nilichojifunza kwanza ni kwamba kuandikishwa hakumpunguzii mtu raha ya safari. Mwanafunzi mmoja alisema alijiona mtu muhimu.

Nije sasa kwenye maji yenyewe, ambayo ndiyo ninayoyahofia zaidi. Kwa muda mrefu mwenyeji wa Ngosi alikuwa mwiko. Wasafwa wana matambiko yao na ziwa lile, na wazee waliotulea walitusimulia juu ya vilivyomo ndani ya maji yale kwa namna ambayo hakuna mtoto aliyetamani hata kuchovya kidole. Mtu wa sayansi anaweza kucheka, lakini mimi ninayefundisha sayansi ya miamba nasema mwiko ule ulifanya kazi ambayo leo haifanywi na kibao chochote. Kijana wa mjini hana mwiko huo. Anafika amelowa jasho baada ya mwendo wa saa mbili, anaona maji ya kijani yaliyotulia, anavua shati.

Kijana huyo pengine alijifunza kuogelea Matema, kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa, ambalo uso wake hauzidi mita 500 juu ya usawa wa bahari na maji yake ni vuguvugu, na mtu huingia hatua kwa hatua akijua kina kinavyoongezeka. Ngosi iko juu ya mita 2,000. Maji ya baridi yakimpata mtu mwenye joto ghafla humfanya avute pumzi kwa nguvu bila kutaka, na pumzi hiyo ikivutwa kichwa kikiwa majini, hata muogeleaji hodari amekwisha. Tena ziwa la kasoko halina ufuko wa kweli: ukuta unaouona ukishuka hadi kwenye maji huendelea kushuka chini ya maji, na hatua ya tatu inaweza isikute ardhi. Hayo hayaonekani kwa kutazama, na ndiyo maana nasema lazima yaandikwe kwa Kiswahili chepesi mahali ambapo njia inaanza, si kule chini ambako mtu amekwisha kuvua shati.

Masoko nako kuna kishawishi cha aina yake. Pale gari linafika karibu na maji, jengo la zamani la Wajerumani liko juu ya ukingo, na inasimuliwa kwamba wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia Wajerumani walizamisha humo mali na sarafu zao wakati wa kukimbia. Sarafu za heller za enzi hizo ziliwahi kuokotwa ufukoni, na watoto huwaonyesha wageni. Hadithi hiyo ni mali ya utalii, naikubali, lakini kila inaposimuliwa bila neno la tahadhari inamwita mtu apige mbizi. Yafaa anayeisimulia awe ni mtu aliyeandaliwa, anayejua kuimalizia vizuri.

Kuna na suala la hewa. Eneo zima la Rungwe lina hewa ya ukaa inayotoka ardhini, kiasi cha kuvunwa kwa matumizi ya viwanda. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida na hulala mabondeni, haina rangi wala harufu. Ulimwengu ulijifunza ubaya wake mwaka 1986 kule Kameruni, Ziwa Nyos lilipoitapika usiku na kuua watu takriban 1,700. Sisemi kwamba Ngosi ni Nyos, na sitaki kumtisha mtu. Ninaomba tu kwamba wataalamu wanaopima maji na hewa ya maziwa yetu, wakiwamo wanaotafiti jotoardhi pale Ngosi, wawape viongozi wa vijiji matokeo yao kwa lugha wanayoielewa, ili anayepeleka watoto wa watu ajue ni bonde gani haliruhusiwi kulaliwa.

Mabwawa yana tabia tofauti na maziwa, na hilo watu wengi hawalijui. Bwawa la Mtera lilijengwa kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya Kidatu, na baadaye lenyewe likapata kituo cha umeme cha megawati 80. Ni pana na katika sehemu nyingi si lenye kina, kwa hiyo maji yakipungua ufuko husogea mbali sana na kuacha tope lililokaukia juu tu, na yakijaa hurudi na kufunika mahali ambapo mwezi uliopita watu walikaa. Abiria wa barabara ya Iringa kwenda Dodoma husimama pale kununua perege, kisha hushuka kunawa mikono katika maji yenye mamba na viboko. Bwawa la umeme ni mali nyeti ya taifa na ulinzi wake unaeleweka. Hakuna anayedai kutembea juu ya tuta lake akipiga picha. Lakini kumkataza mtu kila mahali bila kumwonyesha mahali anaporuhusiwa kunamsukuma kwenye tope, pasipo na mlinzi wala kibao. Jukwaa moja la kutazamia, lenye uzio na choo, mbali na mitambo, lingewafaa walinzi kuliko filimbi zao.

Mufindi, katikati ya mashamba ya chai, kuna mabwawa mazuri ambayo watu wa Mafinga na Iringa huenda kupumzika na kuvua samaki. Mengi yana wamiliki wanaojulikana, na mwenye bwawa ana haki ya kuamua nani aingie. Ombi langu kwao ni kwamba wakiruhusu, waruhusu kwa utaratibu: mitumbwi isitoke bila jaketi okozi, na mahali penye pampu na mifereji ya kutolea maji pawekewe uzio.

Katika bwawa moja ambalo sitalitaja, wala mkoa wake sitautaja, tulilipa kiingilio kwa mtu aliyeketi chini ya mti, na baada ya nusu saa tukalipa tena kwa mwingine aliyekuja na pikipiki. Wote wawili walikuwa na haraka na hakuna aliyekuwa na stakabadhi. Fedha yenyewe haikuwa nyingi. Kilichonisumbua ni kwamba nilipouliza kama kuna mamba, wa kwanza alisema wapo na wa pili alisema hawapo. Serikali yetu imekwisha kuanzisha malipo kwa namba maalumu yanayoacha kumbukumbu. Kiingilio cha kila ziwa na bwawa kikilipwa kwa njia hiyo, stakabadhi ile ile inaweza kuwa ndiyo daftari la majina ninalolililia, ikionyesha nani ameingia, saa ngapi, na simu ya ndugu yake. Jioni mwenye zamu anahesabu. Wakipungua wawili, anapiga 114, namba ya zimamoto na uokoaji, kabla giza halijawa nene, na wanaokuja kuokoa wanajua wanamtafuta nani na waanzie wapi.

Nizungumzie choo, ingawa barua za heshima hukwepa neno hilo. Ziwa Ngosi halina mto unaoonekana kutoka ndani yake. Kinachoingia humo hakina pa kwenda, iwe ni sabuni, chupa, au kile ambacho watu kumi na wanne waliokunywa chai asubuhi hulazimika kukiacha msituni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 takataka imepungua, lakini chupa za maji zimebaki. Choo kinahitajika mwanzo wa njia na kingine juu ya ukingo, kisha kisiwepo chochote chini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za maziwa, mito na mabwawa, na ninawasihi msimamie mita hizo kwa ukali hata atakapokuja mwekezaji mwenye michoro ya rangi ya hoteli ya ufukoni. Hatujamaliza hata njia ya miguu.

Kuhusu majira, naomba jambo dogo. Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu na ambayo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, huchanua kati ya Novemba na Aprili, yaani katika mvua zenyewe. Matangazo yote humwita mgeni katika miezi ambayo njia zina utelezi mkubwa kuliko miezi mingine, na kinyume chake Juni na Julai, njia zikiwa kavu, usiku huwa na baridi ya kugandisha maji ndooni. Kila msimu una hatari yake na mavazi yake, na tangazo linalotaja maua litaje pia koti la mvua na viatu vya kushika ardhi. Tumewahi kukutana huko juu na binti aliyevaa kandambili, ameshika ua mkononi, anatetemeka. Kuchuma maua yale hakuruhusiwi, lakini siku ile tulianza kwa kumpa sweta.

Ninachokiomba, basi, ni hiki. Kabla mvua za mwaka huu hazijaanza, wenye dhamana wa Mbeya na Rungwe wakae meza moja na vijiji vinavyoizunguka Ngosi, wasitoke mpaka wamemtaja mwenyeji mmoja wa njia ile, awe ofisi au kamati, mwenye simu inayopokelewa Jumamosi na Jumapili. Mwenyeji huyo awe na daftari, machela ya kweli badala ya vitenge, sanduku la huduma ya kwanza, orodha ya waongoza wageni na mamlaka ya kuifunga njia siku ya mvua kubwa. Halafu utaratibu ukishapata miguu Ngosi, upelekwe Masoko, na wa Iringa wauangalie kwa ajili ya Mtera na Mufindi. Nimechagua Ngosi ianze kwa sababu ndiyo ninayoifahamu na ndiyo iliyomvunja mguu mwenzangu, ambaye siku hizi hufundisha akiwa ameketi na huniuliza kila muhula kama ile kamba imeshafungwa.

Mvua hukatika mwezi wa Mei. Wiki mbili baadaye udongo unakuwa umeshikana vya kutosha kuchimbika bila kubomoka, na shule zinakaribia kufunga. Tutakuwa na majembe, mapanga ya kukatia vigingi vya miti mtakayoturuhusu, sufuria mbili za makande, na watu wasiopungua thelathini, Jumamosi yoyote mtakayotuandikia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa jiografia,
Mbeya.